Nguzo ya Tatu

Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini mtaani halikutumika hata siku moja. Wote walimwita Mkono wa Pili. Wapaka rangi husema mkono wakimaanisha kupaka mara moja: unapiga mkono wa kwanza, ukikauka unapiga wa pili. Na huyu bwana, mchora mabango kwa kazi, hakuwahi kutoa bango karakanani kwake bila mkono wa pili, hata mteja awe amesimama mlangoni akitweta kwa haraka, hata liwe bango la kukataza watu kukojoa ukutani.

"Kaa hapo kwenye benchi," angemwambia. "Bango lenye mahali wazi ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani na shati bila suruali." Mteja angecheka, angekaa, na mchana ungempitia akiwa pale pale.

Ufundi aliurithi kwa baba yake, ambaye naye alikuwa mchora mabango, tena mkali kumshinda yeye. Mzee yule alikuwa na tabia moja. Kazi ikiisha, alilitoa bango juani na kulipitishia kidole kwa juu juu, kona hadi kona, bila kuligusa, akitafuta mahali ubao unapochungulia. Akipaona hasemi neno. Anamkabidhi mwanawe brashi, anakwenda zake kunywa chai. Mkono wa Pili alikulia chini ya kidole hicho, na hofu ya kuacha mahali wazi ilimwingia mwilini isitoke tena, hata baba alipokufa, hata yeye mwenyewe alipoota mvi. Mkewe, ambaye hakuwa na haya ya kumtania mbele za watu, alisema mume wake akiona kona ya mkate haikupata siagi, hapati usingizi.

Alikuwa na mdogo wake mmoja wa kike, kitinda mimba wa nyumba yao, na kwa hiyo wote walimwita Kitinda mpaka akazeeka nalo jina hilo. Walipishana miaka kumi na mmoja. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya gauni, basi kaka akawa ndiye anayemfunga vifungo, ndiye anayemchana nywele, vibaya, na ndiye anayembeba mgongoni kwenda naye karakanani. Mtoto akakulia kwenye harufu ya rangi ya mafuta. Kaka ndiye aliyemfundisha kushika brashi. Walipokuwa watu wazima walifanya kazi pamoja: kaka anaandika herufi, dada anachora picha. Kwa herufi hakuna aliyemfikia kaka mji mzima. Kwa mawingu, majani na nyuso za watu, hakuna aliyemfikia Kitinda, na kaka alilijua hilo vizuri, ila kulisema kwa kinywa chake kulimshinda.

Wakaja kugombana kwa sababu ya ng'ombe.

Muuza nyama aliagiza bango lenye ng'ombe mzima. Kitinda akachora kichwa, shingo, kifua na miguu miwili ya mbele, kisha Ijumaa asubuhi akaweka brashi chini na kuondoka. Ilikuwa kawaida yake siku hizo. Nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu, kulikuwa na magofu ya watu wa kale, nguzo za mawe zilizobaki zimesimama katikati ya nyasi, na Kitinda alikuwa ameyapenda kuliko watu wengine wanavyopenda wachumba. Alikwenda na kigoda, chupa ya maji na visanduku vya rangi za maji, akakaa huko akichora. Safari hiyo alikaa huko siku tatu mfululizo. Ng'ombe wa watu akabaki ukutani na miguu miwili.

Muuza nyama alipokuja kuchukua bango lake alicheka mpaka akashika kiuno. "Fundi," akasema, "huyu atatembeaje? Au mnaniambia nusu ya nyuma nimeshaiuza?"

Kicheko kile kilimchoma Mkono wa Pili mahali pabaya. Kitinda akaingia wakati ule ule, uso umeungua jua, ana karatasi mkononi, anataka kumwonyesha kaka yake alichochora. Kaka akamnyang'anya karatasi. "Huyu ana kipaji," akamwambia muuza nyama, "lakini hajui kumaliza kazi. Anakimbilia kuchora nyumba zilizobomoka, tena kwa rangi za watoto wa chekechea." Kisha, mbele ya mgeni, akaifanya karatasi ile tambara. Akaipangusia brashi yenye rangi nyekundu, mara mbili, akaitupa chini.

 Kitinda aliiokota, akaikunja, akatoka. Kesho yake hakuja kazini, wala kesho kutwa. Baadaye kaka alisikia amepanga chumba upande wa pili wa mji, anafundisha watoto kuchora. Miaka tisa ikapita. Walikutana kwenye harusi mbili na msiba mmoja, wakaulizana hali kama watu waliopanga foleni moja. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze, na wote wawili walikuwa na kichwa kigumu cha baba yao. Mimi nasema wazi: aliyepaswa kuanza ni kaka. Hata yeye alijua. Kila akishika rangi nyekundu alikuwa anajua.

Siku moja simu ikaita karakanani. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali ya mji. Alisema kuna mgonjwa ambaye hali yake si nzuri, ini limeharibika, na ameomba ufunguo wa chumba chake akabidhiwe kaka yake.

Mkono wa Pili alikata simu, akakaa kwenye benchi la wateja. Mkewe alimkuta hapo hapo, mikono imening'inia. Alipoelezwa hakumpa pole. "Vaa viatu," alimwambia. "Machozi utalia njiani."

Wodini alipita kitanda alichotafuta bila kukitambua. Ilibidi aitwe.

"Kaka. Ni mimi huku."

Akarudi nyuma. Kitinda alikuwa amebaki macho na mifupa. Mkono wa Pili alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, ya kuomba radhi, mazuri tu, lakini yote yalimtoroka. Akasema, "Umekonda."

"Na wewe umenenepa. Nilichoangusha mimi umeokota wewe."

Wakacheka wote wawili.  Kisha Kitinda akamwambia chumbani kwake, ukutani juu ya meza, kuna picha yenye fremu. Aliomba aletewe.

"Kitanda hiki kinatazama ukuta mtupu," alisema. "Nataka niwe naiona asubuhi nikiamka. Kule kwenyewe siendi tena."

"Kule wapi?"

"Magofuni, kaka. Unadhani wapi?"

Neno lile, magofu, lilipita kati yao na lile tambara lekundu nyuma yake. Kaka akainamisha macho. Akachukua ufunguo, akasema ataileta, akaondoka bila kuomba radhi. Njia nzima alijitukana.

Chumba cha Kitinda kilikuwa kimoja, kisafi, chenye kitanda chembamba na meza iliyosogezwa mpaka dirishani. Juu ya meza kulikuwa na makopo matatu ya maji, brashi zimelazwa kwenye kitambaa kwa kupanda, ndogo mpaka kubwa, jinsi alivyomfundisha yeye. Aliziangalia brashi zile kwa muda mrefu. Kisha akainua macho ukutani.

Ilikuwa picha ya magofu. Mbele palikuwa na nyasi kavu na mawe yaliyoanguka. Nyuma vilima viwili vya buluu, vyepesi, utafikiri vingefutika kwa pumzi. Katikati zilisimama nguzo nne za hekalu la zamani, na juu ya mbili za kushoto kilikuwa kimebaki kipande cha jiwe kilichokuwa kikibeba paa. Mkono wa Pili hakuwa mtu wa picha za maji, lakini alijua mkono mzuri akiuona. Akasogea karibu. Nguzo ya kwanza ilikuwa na kijivu na uwaridi kidogo. Ya pili hali kadhalika, na ya nne. Ya tatu haikuwa na kitu. Ilikuwa karatasi tupu kutoka juu hadi chini, na uzi mwembamba wa kivuli upande mmoja.

Kidole cha baba yake kikasimama hapo.

Alitafuta sababu, na chini ya meza akadhani ameiona. Palikuwa na rundo la karatasi tisa, zote za mandhari ile ile, vilima vile vile, nguzo zile zile nne. Na katika kila moja nguzo ya tatu ilikuwa imeguswa na rangi: hapa buluu ya angani imeingia kidogo, pale tone la kijani, kwingine alama ya kijivu isiyozidi ukucha. Kila karatasi ilikuwa imepigwa alama ya mkasi, ile ya kosa, kwa penseli pembeni. Basi, mtu mwenye kazi yake angeelewa nini? Alielewa kwamba nguzo ile ilimshinda mdogo wake. Alijaribu mara tisa, mara tisa akaiharibu, na mara ya kumi akachoka, au akaugua, akaiacha hivyo hivyo. Alikaa kwenye kitanda kile chembamba, akalia kwa huruma. Na katikati ya kilio chake akapata wazo lililomfurahisha.

Alilibeba wazo hilo pamoja na picha mpaka karakanani. Aling'oa misumari midogo nyuma ya fremu, mmoja mmoja, akatoa ubao wa nyuma, akaitoa karatasi na kuilaza mezani. Akachanganya rangi yake ya mafuta kwenye kifuniko cha kopo: kijivu, hudhurungi, njano kidogo sana ili jiwe lionekane la kale. Akachukua brashi nyembamba kupita zote, ile ya kumalizia mikia ya herufi. Mkewe alikuja na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Nataka ashtukie tu imekamilika."

"Baba watoto, ile ni picha yake."

"Na yeye ni mdogo wangu. Niliwahi kumharibia karatasi moja. Hii namtengenezea."

 Mke aliweka chai, akatoka. Mkono wa Pili alifanya kazi mpaka chai ikapoa. Alifuata ukingo wa nguzo bila kutoka nje hata unywele. Alichora nyufa za jiwe. Alichora hata kijimmea kimoja kinachoota kwenye ufa. Akaacha ikauke, na kesho yake akapiga mkono wa pili. Ninyi mngeiona mngesema ni kazi safi, na ilikuwa kazi safi. Katika maisha yake yote hakuwahi kupaka rangi kwa upendo kiasi kile.

Siku ya tatu aliirudisha kwenye fremu yake, akaifikisha hospitali imefungwa kwa gazeti. Alilifungua mwenyewe, pole pole, akaisimamisha picha miguuni pa kitanda. Kitinda akainua kichwa kutoka kwenye mto.

Alitazama. Kaka akamtazama yeye anavyotazama. 

"Nani amejaza hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema Mkono wa Pili kwa fahari. "Niliona karatasi zako chini ya meza. Nikaona ilivyokusumbua. Nikasema usilale hapa unatazama kazi iliyobaki, nikakumalizia."

Kitinda aliacha kuitazama picha, akamtazama kaka yake. Alimtazama kirefu, mvi zake, mikono yake yenye rangi kwenye kucha.

"Ulipiga mkono wa pili?"

"Ningeachaje?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kaka akamshika mgongo. Kikohozi kilipotulia alisema, "Itundike, kaka. Hapo mbele, nione vizuri."

Akaitundika. Na kwa kuwa sasa alikuwa ameleta kitu mkononi, ulimi nao ukafunguka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema yale yaliyomkaa kooni miaka tisa. "Siku ile ya ng'ombe. Ile karatasi yako. Nilifanya unyama, mdogo wangu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani," Kitinda akamjibu. "Nilikuwa nangoja uje nikwambie."

Tangu siku hiyo alikwenda kila alasiri, siku kumi na mbili. Alimlisha uji kwa kijiko. Alimkata kucha. Walizungumza habari za mama, ambaye Kitinda hakumkumbuka vizuri, kwa hiyo kaka alisimulia peke yake na mdogo akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Walimcheka baba na kidole chake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walipouliza habari ya picha, Kitinda aliwajibu, "Nilichora mimi, na kaka yangu akanimalizia," na Mkono wa Pili akajifanya anaangalia dirishani. Zilikuwa siku kumi na mbili njema, pamoja na maumivu yake yote. Siku ya kumi na tatu asubuhi muuguzi alipiga simu kabla karakana haijafunguliwa.

Walimzika. Mkono wa Pili alimwandikia kibao cha kaburi mwenyewe, herufi zilizonyooka, na akapiga mikono mitatu. Picha akaitundika nyumbani, mbele ya kiti chake.

Baada ya wiki kadhaa aliona kitu. Kuzunguka nguzo ya tatu karatasi ilikuwa imeota doa la njano, mfano wa mafuta kwenye karatasi ya maandazi. Kila siku doa liliongezeka kidogo. Lilikuwa limeshaila nguzo ya nne, linaelekea vilimani. Akaogopa. Nyuma ya fremu palibandikwa kikaratasi cha fundi aliyeitengeneza, akakifuata kibanda hicho.

Fundi wa fremu alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, mezani ana gundi, vipande vya kioo na rula ndefu ya chuma. Aliigeuza picha kwenye mwanga, na papo hapo uso ukamkunjamana.

"Hii ni ya mwalimu Kitinda. Nilimtilia kioo mimi mwenyewe. Mpumbavu gani kapaka rangi ya mafuta hapa?"

Mkono wa Pili akasema, "Sijui, mama. Nimeipata hivyo. Labda ni huko hospitali."

Ndiyo, alidanganya. Mwanamume wa miaka sitini na minne, tena mbele ya mtu asiyemjua.

"Lakini hapo," aliongeza kwa unyonge, "si palikuwa hapajamalizika?"

Yule mama akavua miwani. "Nani kakwambia? Baba, rangi za maji hazina nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Mchoraji akitaka jua, anaiacha karatasi, na anailinda, maana tone moja likiingia halitoki tena. Mwalimu alihangaika na picha hii mwaka mzima. Kila rangi ikiingia kwenye nguzo ile anaiweka kando, anaanza upya. Siku alipoileta alikuwa anacheka peke yake. Akaniambia, 'Mama, safari hii jua limekaa.'" Aligonga kioo kwa ukucha, juu ya ule ufa, juu ya kile kijimmea. "Hii haitoki. Nikisugua, karatasi inatoboka. Ichukue tu."

Alirudi nyumbani na picha kwapani. Njiani ubishi wake wa zamani ulimwamkia, maana ubishi ndio kitu cha mwisho kumtoka mtu wa ukoo ule. Akajiambia mama yule ni fundi wa fremu, anajua nini habari za rangi? Jiwe ni jiwe. Nguzo nyingine tatu zina rangi, hii moja itakosaje?

Ijumaa alfajiri ikipambazuka alishika njia ya magofuni. Alifika miguu inamuuma. Nguzo nne alizikuta pale pale kwenye nyasi, zote kijivu, zote sawa, na moyoni akaanza kushangilia. Akakaa juu ya jiwe apumzike. Kitu cha saa moja na nusu hivi, jua likatokea kwenye pengo la ukuta uliobomoka nyuma yake. Halikuzifikia nguzo zote. Ukuta ulizikinga tatu, na mwanga wote wa asubuhi ile ukapita penye pengo ukaangukia moja, ya tatu, juu hadi chini. Haikuwa na kijivu wala hudhurungi. Haikuwa na nyufa. Iliwaka hivi kwamba alikinga macho kwa mkono, na hakuweza kuitazama moja kwa moja. Muda si mrefu jua lilipanda juu ya ukuta, nguzo zote zikapata mwanga, zikarudi kuwa mawe.

Mkono wa Pili alilia pale kwa sauti. Hakukuwa na mtu wa kumwonea haya. Nataka niwe naiona asubuhi nikiamka, ndivyo Kitinda alivyosema. Kule kwenyewe siendi tena. Aliomba kitu kimoja tu, na kaka yake alikipaka rangi, akarudia.

Alibakiwa na tumaini moja, akalishika kwa nguvu zote. Huenda macho ya Kitinda yalikuwa yameshafifia. Ugonjwa ule hula vingi. Huenda aliona nguzo kwa ukungu tu, akauliza nani kajaza kwa kubahatisha, na akafa bila kujua alichonyang'anywa. Kutoka magofuni hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hospitali, viatu vina vumbi, akamtafuta yule muuguzi aliyekuwa akipiga simu. Alimkuta korido ya wodi ya wanawake akikunja mashuka.

"Mwanangu," alisema, "nina swali moja. Mdogo wangu, macho yake yalikuwa yanaona?"

"Vizuri kabisa, mzee. Alikuwa ananisomea lebo za dawa kutoka kitandani."

Mkono wa Pili akaegemea ukuta. Muuguzi aliona, akaweka shuka chini. Alikuwa binti mwenye umri wa kuwa mjukuu wake, na huenda kwa ujana wake hakujua kuficha.

"Ni ile picha, siyo?" aliuliza. "Siku uliyoileta, ulipoondoka tu, alilia sana. Nikafikiri ni maumivu, nikataka kumwongezea dawa. Akakataa, akanionyesha kwa kidole pale ulipopaka. Akanieleza palivyokuwa. Nikamwambia, 'Kesho akija nitamwambia mimi, kama wewe unaona vibaya.' Alinishika mkono huu, mzee, kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo. Akaniapisha nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema, 'Namjua kaka yangu. Akijua ataona aibu, na akiona aibu harudi. Mara ya mwisho imechukua miaka tisa. Sasa sina hata wiki tatu.' Akasema picha ameshaitazama sana, anataka kukutazama wewe." Muuguzi alisita, kisha akauliza kwa upole, na bila shaka alitaka kumpa mzee wa watu nafasi ya kukana. "Lakini wewe ungerudi tu, au siyo, baba? Hata angekwambia?"

Mkono wa Pili alifikiri. Alimfikiria yule mama wa fremu na uongo aliomwambia. Alijiona siku ile alipoifungua picha kwenye gazeti, anaelezwa mbele ya wodi nzima kwamba ameharibu, anachukua kofia yake, anasema atakuja kesho.

"Nisingerudi," alisema.

Muuguzi akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye kiti cha wageni.